Dawa ya minyoo kwa kuku, bata, kanga na bata mzinga wanaojitafutia chakula nje

Ndugu yangu wa Newala, umeeleza kwamba kuku wako wa kienyeji, bata, kanga na bata mzinga wachache wanashinda pamoja chini ya mikorosho, kwamba uliwawekea dawa ya minyoo iitwayo piperazini kwenye maji ukaona minyoo mirefu myeupe ikitoka, lakini baada ya miezi miwili wengi wao bado wamekonda. Unauliza kama uongeze kipimo mara mbili. Nafuga mchanganyiko kama huo upande wa Mtama, na ninakusihi usiongeze kipimo kabla hujajua ni ndege gani hasa walioipata dawa na ni minyoo gani iliyobaki tumboni.

Kuweka dawa kwenye maji kunawafaa kuku wa bandani, ambao hawana pengine pa kunywea. Ndege wanaotembea hunywa wanapotaka, na wakati wa mvua kila dimbwi ni chombo cha maji. Bata hufika kwanza, hunywa sana na kuchafua yaliyobaki. Kuku anayeatamia hutoka mara moja tu kwa siku, akala haraka na kurudi kwenye mayai. Kanga wanaolala juu ya mwembe huenda wasilifikie bakuli kabisa. Na mtetea mnyonge, ambaye ndiye mwenye minyoo mingi, hufukuzwa na wenzake. Levamisoli, dawa nyingine ya minyoo, nayo ni chungu, kwa hiyo ndege mwenye maji mengine ataikwepa. Nyinyi wa mlimani huko Newala mna nafuu wakati wa kiangazi, kwa kuwa madimbwi hayapo: ukiwafungia usiku, ukaondoa maji, kisha asubuhi kabla ya kuwafungulia ukawapa maji kidogo yenye dawa katika vyombo kadhaa vilivyotenganishwa, wengi watakunywa.

Hata hivyo, kwa kundi dogo mimi hupendelea kumpa kila ndege dawa yake mdomoni. Nafanya kazi hiyo usiku, wakiwa wametulia, nikiwa na msaidizi wa kushika tochi na bomba la sindano lisilo na sindano. Tundu la kupitishia hewa liko nyuma tu ya shina la ulimi, kwa hiyo dawa idondoshwe kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, na ndege aachwe ameze kabla ya tone linalofuata. Aliyekwisha kupewa afungwe uzi mguuni. Kipimo kifuate uzito: bata mzinga dume hawezi kupewa sawa na mtetea wa kilo moja na nusu. Kwa piperazini, kuku aliyevuka wiki sita hupewa miligramu 100 na kifaranga miligramu 50, lakini unga wa madukani hutofautiana nguvu, kwa hiyo muuza dawa akuoneshe kwenye lebo kiasi cha dawa halisi kilichomo.

Sasa kuhusu minyoo yenyewe. Ile mirefu uliyoiona ni minyoo ya duara ya utumbo mwembamba, na piperazini huitoa vizuri ile iliyokomaa, lakini michanga hubaki ikaendelea kukua. Ndiyo maana dozi hurudiwa baada ya wiki mbili au tatu. Tegu hawaguswi nayo kabisa. Kuku huwapata tegu kwa kula siafu, sisimizi na mende-kinyesi wenye vichanga vya minyoo hiyo, na msimu wa korosho, mabibo yanapooza chini, wadudu hujaa na kuku hawatoki hapo. Ukimchinja mmoja, upasue utumbo wake kwa mkasi ndani ya beseni la maji: utepe mweupe, bapa, wenye pingili, ulioshika ukuta wa utumbo, ndio tegu. Ukiwakuta, tafuta dawa yenye prazikwanteli, au albendazoli kwa kipimo cha juu kitakachoelekezwa na ofisa mifugo wako. Usipowakuta, levamisoli inatosha, kwa sababu inashughulikia minyoo ya duara ya aina nyingi zaidi kuliko piperazini. Kama huna ndege wa kuchinja, kinyesi kibichi kinaweza kupimwa katika kituo cha maabara ya veterinari kilichopo Mtwara, na hapo utajua pia kama ukondefu huo si wa koksidia, ugonjwa ambao dawa ya minyoo haiuponyi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika maelezo yako ni bata mzinga. Kwenye mifuko miwili iliyozibika mwishoni mwa utumbo wa kuku huishi minyoo midogo ya takriban sentimita moja, ambayo haimsumbui kuku sana, lakini mayai yake hubeba kijidudu kinachoshambulia ini la bata mzinga na kumwua. Dalili unayopaswa kuitazama ni kinyesi cha rangi ya njano kama salfa tunayopulizia mikorosho. Tiba yake ni ngumu, na mayai hayo hudumu udongoni muda mrefu, hata ndani ya miili ya nyungunyungu. Kwa hiyo vifaranga vya bata mzinga wakuzwe mahali ambapo kuku hawajawahi kushinda, na kuku wapewe dawa kwa ratiba hata wakionekana wazima.

Ratiba yangu inafuata mvua zetu. Nawapa mwezi Mei mvua zinapokwisha, kisha Oktoba kabla hazijaanza, na wale waliozaliwa katikati nawapa wakifikia miezi miwili. Dozi ya Oktoba naiweka takriban wiki mbili kabla ya chanjo ya kideri, ili chanjo iwakute wana nguvu. Siwapi kila mwezi kama baadhi ya wenzetu wanavyoshauri, kwa sababu dawa inayotumika ovyo huizoesha minyoo. Mwarobaini na mbegu za papai siwakatazi watu kuvitumia, ila sijaona vikitoa minyoo mirefu, na singependa uvitegemee.

Siku mbili baada ya dozi, kinyesi chote cha bandani kikwanguliwe na kufukiwa shimoni mbali na njia ya ndege, maana minyoo iliyotoka imejaa mayai. Soma pia kwenye lebo muda wa kusubiri kabla ya kula au kuuza nyama na mayai; mayai ya siku hizo msile nyumbani wala msiyapeleke sokoni.