Kuificha orodha ndani ya klasi yako: ushauri kwa anayeanza Java

Ukianza kuandika programu kwa Java, kitu cha kwanza unachokishika ni `List`. Unaipitisha huku na kule, kila anayeipokea anazungusha kitanzi chake, na kazi inakwenda. Shida huanza orodha ikiwa na masharti. Chukua programu ya chama cha kuweka na kukopa, ambacho kila mwanachama huchangia mara moja tu kwa mwezi. Sharti hilo litaandikwa kwenye fomu ya kuingiza michango, kisha kwenye sehemu inayosoma faili la Excel, kisha kwenye sehemu inayopokea malipo ya simu. Likisahaulika mahali pamoja tu, jumla ya mwezi inazidi, na mhazini hana pa kuanzia kutafuta.

Dawa ni klasi moja, `Michango`, inayoificha orodha na kutoa nje yale tu yanayoruhusiwa. Si kila orodha inastahili klasi yake. Kama haina sharti wala hesabu inayorudiwa, iache ilivyo. Lakini sharti la kwanza likijitokeza, au kitanzi kilekile kikionekana mahali pa tatu, usingoje zaidi.

Wengi wanaoanza hukimbilia kurithi `ArrayList` kwa `extends ArrayList<Mchango>`, kwa kuwa methodi zote zinakuja bure. Hapo ndipo penye hatari. Utaandika upya `add` ili ikague sharti, kisha mtu ataita `addAll`, na ya `ArrayList` haipiti kwenye `add`: inanakili safu nzima kwa mkupuo. Ya `HashSet`, kinyume chake, huita `add` kwa kila kitu. Huwezi kujua ipi inafanya nini bila kusoma msimbo wa ndani, na msimbo huo unaweza kubadilika. Hata ukiziba kila mlango leo, Java yenyewe hufungua mingine: toleo la 8 la mwaka 2014 lilileta `removeIf` na `replaceAll`, na toleo la 21 la mwaka 2023 likaleta `addFirst` na `removeLast`. Waliotengeneza Java nao waliteleza hapa. `Stack` (rundo, ambalo kitu huwekwa na kutolewa juu tu) inarithi `Vector` (aina ya zamani ya orodha), ndiyo maana unaweza kuita `add(0, x)` ukachomeka kitu chini kabisa ya rundo, jambo ambalo rundo halipaswi kuruhusu. Makosa hayo hayafutiki tena, maana programu nyingi mno zinayategemea.

Basi usirithi. Weka mkusanyiko kuwa fildi ya siri:

```java
public final class Michango implements Iterable<Mchango> {
    private record Ufunguo(String mwanachama, YearMonth mwezi) {}

    private final Map<Ufunguo, Mchango> ramani = new LinkedHashMap<>();

    public Michango(Collection<Mchango> mwanzo) {
        mwanzo.forEach(this::ongeza);
    }

    public void ongeza(Mchango m) {
        var ufunguo = new Ufunguo(m.mwanachama(), m.mwezi());
        if (ramani.putIfAbsent(ufunguo, m) != null)
            throw new IllegalArgumentException("Amekwisha kuchangia: " + ufunguo);
    }

    public long jumla() {
        return ramani.values().stream().mapToLong(Mchango::kiasi).sum();
    }

    public Iterator<Mchango> iterator() {
        return List.copyOf(ramani.values()).iterator();
    }
}
```

Angalia konstrakta, yaani sehemu inayounda `Michango` mpya. Haiipokei orodha ya nje na kuihifadhi ilivyo; inapitisha kila mchango kwenye `ongeza`. Ungeandika `this.orodha = mwanzo`, aliyekupa orodha angebaki nayo mkononi na angeweza kuibadilisha baadaye bila sharti lolote kukaguliwa. Huu ndio mwanya tunaoukuta mara nyingi kuliko yote.

Angalia pia kwamba ndani mna `LinkedHashMap`, si `ArrayList`. Kwa orodha ya kawaida, kila mchango mpya ungelinganishwa na yote iliyotangulia. Kupakia michango 10,000 kungekuwa na ulinganisho karibu milioni 50. Kwa ramani, kila mmoja unakaguliwa mara moja, na mpangilio wa kuingia unabaki. Anayetumia `Michango` hajui tofauti, wala hahitaji kubadilisha mstari hata mmoja.

Mwanya wa pili ni pa kutokea. Methodi inayorudisha mkusanyiko wa ndani inabatilisha kazi yote. `Collections.unmodifiableList` inamzuia mtu kuandika, lakini ni dirisha tu: orodha ya ndani ikiongezwa kitu wakati yeye yuko katikati ya kitanzi, atapata `ConcurrentModificationException`. `List.copyOf`, iliyokuja na toleo la 10, hutoa nakala isiyobadilika, na `remove` ya iterata yake (kinachopitia vilivyomo kimoja kimoja) hurusha `UnsupportedOperationException`. Gharama yake ni kunakili marejeo, si vitu vyenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, `Mchango` nao uwe `record` (klasi ambayo fildi zake hazibadilishwi) au klasi isiyo na methodi za `set`. Mtu akiweza kubadilisha mwezi wa mchango uliokwisha kuingia, ufunguo na kilichomo vitapingana, na hakuna kosa litakalotangazwa.

Kuhusu majina, tumia lugha ya kazi yenyewe, kama `jumla()` na `yaMwezi(...)`. `vyaMwezi(...)` ni kosa la ngeli, na msimbo nao husomwa na watu. Methodi ya kuchuja irudishe `Michango`, si `List`, ili anayeipata aweze kuita `jumla()` papo hapo. Usitekeleze `List` nzima kwa kudhani unamsaidia mtumiaji, maana utalazimika kutimiza masharti yake yote, pamoja na ya `equals`. `Iterable` inatosha kwa kitanzi cha `for`.

Wanaotumia Python wana mtego wao. Ukirithi `dict` na kuandika upya `__setitem__`, methodi ya `update` haitaipitia. Kwa mkusanyiko wa aina ya orodha, rithi `collections.abc.MutableSequence`: unaandika methodi tano (`__getitem__`, `__setitem__`, `__delitem__`, `__len__`, `insert`), na `append` na `extend` zitapita kwenye `insert` yako. Sharti likague kwenye `insert` na `__setitem__` zote mbili. Kisha jihadhari na `__len__`, inayotoa idadi ya vilivyomo: ikiwa sifuri, mkusanyiko huo mtupu huhesabika kuwa si kweli. Mstari kama `m = m or Michango()` utautupa mkusanyiko mtupu uliopewa na kuunda mwingine, na michango itakayoongezwa humo haitamfikia aliyeuleta. Andika `if m is None`.

Majaribio matatu yaandikwe kabla ya mengine yote: badilisha orodha ya asili baada ya kuunda `Michango`, na uhakikishe ndani hakujaguswa; ita `remove` kwenye iterata, na uhakikishe inakataa; pitisha michango miwili ya mwanachama mmoja kwa mwezi mmoja kupitia konstrakta, si kupitia `ongeza` peke yake, na uhakikishe wa pili unakataliwa.