Jibu: Breki mpya, lakini gari halikuwahi kusimama

Habari ndugu, na pole sana. Umesema umebadilisha pedi za breki, ulikuwa kwenye 100 ukielekea Musoma, na bado ukamgonga ng'ombe ulipopita Magu. Unauliza fundi kakosea wapi.

Gari lako sijaliona, kwa hiyo fundi simtetei. Ila anza na mwendo. Kwenye 100 gari linakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Mpaka ushtuke na mguu uhame kwenye mafuta, sekunde moja na nusu imepita: mita 40 na ushee, na breki bado hujaigusa! Halafu mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne. Hakuna pedi inayofuta hilo.

Mimi njia hiyo naipita kila wiki. Kati ya Kisesa na Lamadi nikiona ng'ombe mmoja kavuka, nashuka hadi 40 hapohapo, maana wenzake wako ng'ambo na watamfuata. Mchungaji mara nyingi ni mtoto, naye atawakimbilia bila kuangalia barabara. Usiku napunguza zaidi.

Ukishalikubali hilo, kagua matairi kama yana vipara, kisha mafuta ya breki.