Barua kwa mwanangu Zuhura: seli zinazosalia baada ya dawa

Mwanangu Zuhura,

Baada ya salamu na dua kutoka hapa Tanga, nimeisoma barua yako mara mbili. Unaniuliza kama seli za glioblastoma, ile saratani kali ya ubongo, zinazosalia baada ya mionzi na dawa ya temozolomidi zilikuwa sugu tangu mwanzo, au tiba yenyewe ndiyo inayozigeuza, kwa kuwa msimamizi wako huko Ujerumani amekutaka uchague upande mmoja kabla ya kuandika mpango wa utafiti wako wa baada ya uzamivu. Mimi nakushauri uyachukue yote mawili, na nguvu zako uzitie katika kuchagua wakati wa kuzitazama seli hizo.

Usugu wa tangu mwanzo upo. Kimeng'enya cha MGMT hukiondoa kwenye DNA kile kipande kinachopachikwa na temozolomidi ili kuiua seli, na kila molekuli yake hufanya kazi hiyo mara moja tu, kisha huharibiwa. Ndiyo maana uvimbe ambao jeni yake ya MGMT imezimwa huathiriwa zaidi na dawa. Hata hivyo, walio wengi katika wagonjwa hao nao uvimbe huwarudia. Tiba ya mionzi pamoja na temozolomidi, iliyotangazwa na daktari Stupp na wenzake mwaka 2005, ilisogeza muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa huupita, kutoka miezi 12.1 kwa mionzi pekee hadi 14.6, nyongeza ambayo mtu aliyeuguza hawezi kuidharau, lakini ni ndogo mno.

Katika miaka yangu ya maabara ya patholojia nilizoea kuona, chini ya hadubini, eneo lililokufa katikati ya uvimbe, na pembezoni mwake seli zimesongamana safu kwa safu, nyembamba, viini vyake vyeusi kwa rangi ya hematoksilini. Nilidhani ni kizazi kingine cha seli. Leo najua kwamba uhaba wa oksijeni peke yake waweza kuibadili tabia ya seli bila kuigusa DNA yake. Mtafiti Neftel na wenzake walionyesha mwaka 2019 kuwa seli za uvimbe huu huwa katika hali kuu nne, na kwamba seli za hali moja zikipandikizwa katika panya huzaa tena zile nyingine. Nilipoisoma habari hiyo nilizikumbuka slaidi zangu, nikasikitika kwamba nilikuwa nimezitazama miaka yote kama picha iliyotulia.

Unakumbuka wanawake wa Kigombe wanavyotafuta pweza wakati wa bamvua, bahari inapokupwa hadi mbali? Hawatafuti rangi yake, maana huigeuza ikafanana na mwamba mbele ya macho yao. Hutazama makombe na vijiwe alivyovirundika mlangoni mwa tundu lake. Seli hizi nazo ni vivyo hivyo: ukiichagua alama ya hali moja na kuitengenezea dawa, seli itahamia hali nyingine. Nami naona lililo bora ni kutafuta kile ambacho seli haina budi kukitumia wakati inapohama, hali yoyote inakotoka.

Kwa hiyo zitie seli alama za kijenetiki kabla ya dawa, moja moja, ili ujue baadaye kama seli zilizosalia ni wazao wa seli chache zilizokuwa sugu tayari au wa seli yoyote iliyowahi kubadilika. Kisha zichukue sampuli siku za mwanzo za tiba, wakati seli nyingi bado zinakufa. Sampuli za upasuaji wa kwanza na za uvimbe uliorudi hazitoshi, kwa sababu katikati yake kuna miezi ambayo hakuna aliyetazama, na wanaofanyiwa upasuaji wa pili ni wachache na wenye nguvu kuliko wenzao.

Muulize msimamizi wako kama maabara yenu ina tishu za wagonjwa zinazoweza kukuzwa hai na kupewa dawa siku kwa siku, au ni seli za zamani tu zilizokaa miaka kwenye chupa, kwani hizo zimekwisha kuzoea maisha ya huko. Niandikie alilokujibu kabla hujaupeleka mpango wako.

Mama yako