Tumehamishwa na Jeshi Katikati ya Mwaka: Je, Huduma za Mwanangu Zisubiri?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Mombasa, na mume wangu ni askari katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Mwezi Januari tulihamishwa kutoka Texas hadi jimbo la Washington, karibu na kambi ya Lewis-McChord. Mwanangu wa miaka saba ana usonji. Kule Texas alikuwa na IEP, yaani mpango wa elimu ulioandikwa kwa ajili ya mtoto mmoja mwenye ulemavu, iliyompa tiba ya usemi dakika 60 kwa wiki, msaidizi darasani, na kompyuta kibao ya kuongelea ambayo shule iliichukua siku tuliyoaga. Shule mpya imemweka darasani bila msaidizi na kuniambia kwamba huduma zitaanza baada ya kumfanyia tathmini upya. Nilipouliza habari ya kikao cha ARD hakuna aliyenielewa, na walipoona Kiingereza changu hakitoshi walimwita binti yangu wa miaka 13 aje kutafsiri. Baba yao yuko mafunzoni. Nisubiri, au nina haki ya kudai sasa?
Mama Baraka (jina tumelibadilisha), Tacoma

JIBU: Mama Baraka, usisubiri. Sheria ya shirikisho ya elimu ya watu wenye ulemavu, iitwayo kwa kifupi IDEA, ambayo chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1975 na ambayo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2004, inaeleza kwamba mtoto mwenye IEP anapohamia jimbo jingine ndani ya mwaka uleule wa masomo, wilaya mpya ya shule, kwa kushauriana na mzazi, inapaswa kumpa bila malipo huduma zinazolingana na zile zilizoandikwa katika IEP yake ya awali, hadi itakapomfanyia tathmini, ikiona haja ya kufanya hivyo, na kumwandalia IEP mpya. Shikilia hilo neno "hadi". Tathmini na huduma vinakwenda sambamba. Jimboni Washington, wilaya ina siku 35 za masomo za kukamilisha tathmini tangu mzazi atoe idhini, yaani wiki saba nzima hata kabla hujahesabu likizo, na mtoto asiye na njia ya kumwambia mwalimu kwamba amebanwa na haja hawezi kuachwa hivyo kwa wiki saba. Idhini ya tathmini unaweza kuitoa bila hofu, kwa kuwa haiondoi haki yake ya kuhudumiwa leo.

Wizara ya Elimu ya Marekani imefafanua kwamba huduma zinazolingana ni zile zinazofanana na za awali au zenye uzito sawa nazo. Kwa hiyo zile dakika 60 zinaweza kugawanywa kwa ratiba nyingine na kutolewa na mtaalamu mwingine kwa mbinu zake, lakini sifuri hailingani na 60. Kuhusu ARD, hilo ni jina linalotumika Texas. Huko uliko sema "kikao cha IEP" na utaeleweka.

Kompyuta kibao ilikuwa mali ya wilaya ya zamani, na ndiyo sababu ilibaki. Hata hivyo, ikiwa imeandikwa katika IEP kama kifaa anachokihitaji ili asome, wilaya mpya inawajibika kumpatia kifaa kinacholingana nacho. Mwombe mtaalamu wa usemi wa Texas akutumie nakala ya msamiati uliohifadhiwa humo, maana huenda mwanao ana vitufe vyake vya "maji", "bibi" na "sitaki" ambavyo ilichukua miezi kumzoesha.

Jambo lililoniuma zaidi katika barua yako ni la binti yako. Niliwahi kuketi katika kikao ambamo msichana wa umri kama wake alikuwa akimtafsiria mama yake habari za mdogo wake wa kiume. Mwalimu alipoeleza kwamba mtoto hujiuma mikono hadi ikatoka damu, msichana alinyamaza, akanitazama, kisha akamwambia mama, "Wanasema anaendelea vizuri." Sikumlaumu, kwa sababu mzigo ule haukuwa wake. Sheria inaitaka shule ihakikishe kwamba mzazi anaelewa yanayosemwa katika kikao cha IEP, na hiyo ni pamoja na kumleta mkalimani kwa mzazi asiyetumia Kiingereza. Gharama ni ya shule. Omba mkalimani wa Kiswahili kwa maandishi kabla ya kikao, na wakikuletea mtu msiyeelewana, sema papo hapo na uombe kikao kiahirishwe. Waeleze pia lugha ambayo mtoto huisikia nyumbani, kwa kuwa tathmini inapaswa kutolewa katika lugha itakayoonyesha kwa usahihi anachokijua na anachokiweza.

Leo hii mwandikie mkuu wa shule, na nakala umpelekee mkurugenzi wa elimu maalumu wa wilaya: "Mwanangu amehamia hapa kutoka Texas akiwa na IEP inayotumika, ambayo naiambatisha. Naomba huduma zinazolingana zianze mara moja. Iwapo mnakataa, naomba notisi ya maandishi yenye sababu." Shule inapokataa inalazimika kutoa notisi hiyo, na mara nyingi ombi hilo peke yake hubadilisha mazungumzo. Wasikuambie kwamba wanangoja faili kutoka Texas: majimbo yote 50 yamo katika mkataba wa elimu ya watoto wa wanajeshi, ambao unaitaka shule mpya ipokee nakala ulizobeba mkononi, na shule ya zamani itume kumbukumbu rasmi ndani ya siku 10 baada ya kuombwa.

Kambini kuna afisa anayeshughulikia masuala ya shule kwa familia za wanajeshi. Mwone hata kama mumeo hayupo. Muulize mumeo pia kama mtoto ameandikishwa katika EFMP, mpango wa jeshi kwa wanafamilia wenye mahitaji maalumu. Uandikishaji huo ni wa lazima kwa askari walio kazini, na husaidia ili kabla ya uhamisho unaofuata iangaliwe kama huduma zinapatikana kule waendako. Shule ikiendelea kukataa, unaweza kuomba usuluhishi bila malipo au kupeleka malalamiko kwa ofisi ya elimu ya jimbo, ambayo kwa kawaida hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Hapo Tacoma, shirika liitwalo PAVE huwasaidia wazazi kuzielewa hatua hizi.

SWALI: Binti yetu wa miaka minne alikuwa akifanyiwa tathmini yake ya kwanza jimboni Georgia tulipopata amri ya kuhamia Colorado. Je, tunaanza upya?
Baba wa binti mmoja

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Wilaya hizo mbili zinapaswa kushirikiana ili tathmini ikamilike upesi. Wilaya mpya inaweza kuvuka muda wa kawaida, ambao kwa sheria ya shirikisho ni siku 60 isipokuwa jimbo limeweka wake, pale tu kazi inapoendelea vya kutosha na wewe umekubaliana nao tarehe mahususi ya kumaliza. Idai tarehe hiyo kwa maandishi, na ubebe nakala ya fomu ya idhini uliyotia saini Georgia, kwa sababu siku huhesabiwa kuanzia tarehe shule ilipoipokea.