Moshi wa mlimani hushuka usiku

Moto ulipowaka Kilimanjaro Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020, juu kule kati ya vituo vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo, huku Marangu kila mtu aliuliza swali moja: utafika vihambani, kwenye nyumba na migomba yetu? Haukufika. Ulikula nyasi na vichaka vikavu vilivyo juu ya ukanda wa msitu, na askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka na wananchi wakapanda kupambana nao siku baada ya siku. Kilichotufikia nyumbani kwetu ni moshi. Oktoba 2022 mlima ukawaka tena, upande wa kambi ya Karanga. Miezi hii kabla ya vuli majani huwa makavu mno, kwa hiyo nawaandikia majirani zangu wa mlimani mambo yaliyotusaidia.

Kubwa kuliko yote ni kuujua mwendo wa upepo. Mchana jua hupasha miteremko, hewa hupanda, na moshi hupanda nayo. Ukitazama juu unaona wingu tu, unadhani mko salama. Jua likizama, hewa ya juu hupoa, huwa nzito, kisha huteremka ikifuata makorongo. Kwetu harufu ilikuwa kali kuanzia usiku wa manane hadi jua lilipopanda vizuri. Basi fungua madirisha alasiri hewa ikiwa safi, na funga kila kitu kabla ya magharibi. Ukingoja mpaka unuse, moshi umeshaingia ndani.

Usihangaike kuziba nyumba nzima. Chagua chumba kimoja chenye dari, maana penye uwazi kati ya ukuta na bati huwezi kuushinda moshi. Ziba matundu ya hewa juu ya dirisha kwa nailoni na utepe wa gundi (selotepu), weka khanga iliyoloweshwa chini ya mlango, na huko walale watoto, wazee na mwenye pumu. Mama yangu ana pumu. Tulimlaza humo na wajukuu wake, pampu yake ikiwa mkononi, na dawa tulikuwa tumeshanunua ya akiba.

Hapa nasisitiza kwa nguvu zote: chumba kilichozibwa kisiingizwe jiko la mkaa, hata baridi ikiwa kali kiasi gani. Gesi ya mkaa haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Ongezeni blanketi. Wala msilale na koroboi inayowaka.

Mwaka ule wa 2020 kila nyumba ilikuwa na barakoa za kitambaa kwa sababu ya korona. Hizo huzuia majivu yanayoonekana kwa macho. Chembe zinazoumiza mapafu ni ndogo kuliko mikromita 2.5, nazo hupenya kitambaa, hata kikiloweshwa. Barakoa ya N95 ndiyo inayofaa, ikibana vizuri pua na mashavu. Kama hamna za kutosha, apewe anayelazimika kutoka alfajiri kukata majani ya ng'ombe.

Mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, au mtoto akivuta hewa mpaka mbavu zinabonyea, msingoje kupambazuke. Ongeeni mapema na jirani mwenye gari au bodaboda, mpate usafiri usiku huo huo. Ukiona moto wenyewe unakaribia makazi, namba ya Zimamoto ni 114.

Majivu nayo yana kazi yake. Usiyafagie yakiwa makavu, utayarusha tena hewani. Pangusa kwa kitambaa kibichi. Majani ya ng'ombe yasuuzwe kabla hayajawekwa horini. Halafu kuna bati. Majivu hukaa juu yake wiki nyingi yakingoja mvua, na mvua ya kwanza huyasomba yote kwenye gata. Tenganisha bomba la gata na tangi mapema, acha maji ya kwanza yamwagike shambani mpaka yatoke maangavu, ndipo urudishe bomba. Watu wengi wanaona uchungu kuyamwaga baada ya kiangazi kirefu. Mwageni tu, migomba itayanywa.