Kuchumia kasuku masuke ya porini: kwa wewe unayeanza

Masika yakishakolea, viwanja vya Dar es Salaam ambavyo havijajengwa hujaa chakula cha ndege. Kama umeanza kufuga wale kasuku wadogo wenye asili ya Australia, wa kijani na bluu, wachumie. Huko kwao porini riziki yao kubwa ni mbegu za nyasi, na mchanganyiko mkavu wa dukani peke yake una upungufu wa vitamini A na madini ya chokaa.

Wageni wengi huuliza jina la nyasi. Mimi ningependa uulize kwanza habari za mahali. Dawa ya kuua magugu huchukua siku kadhaa kabla nyasi hazijanyauka, kwa hiyo usidanganyike na ukijani. Msalimie mlinzi wa kiwanja, muulize kama pamepigwa dawa na lini. Asipojua, pita. Kando ya barabara kuu usichume, wala kwenye mtaro wa maji machafu, wala chini ya mikorosho inayopulizwa salfa. Na panapochakura kuku wa mtaa napaepuka kabisa, kwa sababu kideri, ule ugonjwa wa kuku, huhama na kinyesi, na kasuku naye huugua kideri.

Ukishapata mahali pa kuaminika, anza na ulezi mwitu. Unaota hadi kwenye nyufa za saruji. Shina lake ni bapa na jeupe kule chini, halafu kileleni masuke membamba kadhaa hutawanyika kutoka sehemu moja. Kuung'oa ni kazi, basi usiung'oe: kata kwa mkasi, maana mizizi huleta udongo ndani ya tundu. Mwingine mzuri ni gini, zile nyasi ndefu zinazoweza kumzidi mtu kimo, zenye suke la matawi mengi yaliyoachana. Mbegu za gini haziivi pamoja, na zilizoiva hupukutika ukizigusa tu, kwa hiyo inamisha suke juu ya mfuko kabla ya kukata.

Kisha bana punje kwa kucha. Ikitoka maji matupu, mapema mno. Ikitoka ute mweupe mzito, imeshika maziwa, na hapo ndipo ndege huipenda zaidi. Iliyokauka nayo inalika, ila haina tofauti kubwa na ya dukani.

Mtama mwitu uache. Majani yake machanga, na yale yaliyonyauka, hutengeneza sumu ya sayanidi, na anayeanza hana haja ya kubahatisha wakati gini ipo tele. Acha pia suke lolote lenye unga mweusi wa fugwe (ugonjwa wa ukungu wa nafaka), vipembe vyeusi vilivyochomoza mahali pa punje, au utomvu unaonata. Ukungu ndio adui ninayemwogopa kuliko wote, kwa sababu mapafu ya ndege ni mepesi kudhurika na kuvu akiingia ni vigumu kumtoa.

Nyumbani suuza kwa maji safi, kung'uta, tandaza kivulini mpaka maji yakauke. Siku ya kwanza wape suke moja au mawili tu, ulibane kwenye nyavu za tundu karibu na kitulio. Ndege ambaye hajawahi kuliona anaweza kulikwepa hadi jioni, usimlazimishe wala usimwondolee chakula chake cha kawaida. Kinyesi kikilegea kidogo, ni maji ya mbegu mbichi. Lakini ukimwona amejivimbisha manyoya, amelala mchana, hataki kula, toa masuke yote na umtafute daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Yaliyobaki tunduni ondoa kabla ya giza, joto la pwani huyachachisha upesi. Ukichuma kwa wingi, gandisha kwenye friza mabichi yakiwa yamekauka maji, utayahitaji mwezi wa nane viwanja vikishakuwa vikavu.