Maswali ya wasomaji: Kufifisha tatuu ya zamani kwa leza kabla ya kuchorwa nyingine juu yake

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu kutoka Jinja. Mimi ni mama wa miaka 34 na nafanya kazi kwenye maboti yanayobeba watalii katika mto Nile. Miaka 12 iliyopita nilichorwa tatuu upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko: jina la mwanamume, herufi 7 za wino mweusi uliokolea, na mwishoni kopa dogo jekundu. Mwanamume huyo hayumo tena maishani mwangu, na nataka jina lake lifunikwe na picha ya korongo mwenye taji, ndege wa taifa letu. Mchoraji mmoja wa Kampala aliutazama mkono wangu akasema wino wa chini umekolea mno, hivyo nikafifishwe kwanza kwa leza. Nilikwenda mahali pawili. Pa kwanza waliniahidi kufuta kila kitu kwa vipindi 4, kimoja kila wiki. Pa pili walinionyesha mashine ya mwanga ambayo, kwa maelezo yao wenyewe, hutumika pia kuondoa nywele za makwapa. Ngozi yangu ni nyeusi sana, na jirani yangu alibaki na mabaka meupe shingoni baada ya kupigwa mwanga wa namna hiyo. Je, leza ni ya lazima? Nitahitaji vipindi vingapi? Na ngozi yangu itasalimika?

JIBU: Dada yangu, mchoraji wako amekuambia kweli, na kule kukutuma kwingine kabla hajapokea fedha zako ni dalili njema juu yake. Watu wengi hudhani kwamba wino mpya huufunika wa zamani kama rangi inavyofunika ukuta. Haiwi hivyo. Wino wote hukaa katika tabaka la ndani la ngozi, chini ya ile ngozi ya juu inayojibadilisha kila mara, na wino mpya hulala pamoja na wa zamani mahali pale pale, kiasi kwamba jicho huona jumla ya yote mawili, tena kupitia rangi ya asili ya ngozi yako. Njano juu ya nyeusi itaonekana nyeusi. Mchoraji anayechora juu ya wino uliokolea bila kuufifisha hubakiwa na njia moja tu, yaani kuchora kitu kikubwa zaidi na cheusi zaidi, na ndiyo maana tunakutana na mikono yenye mabonge meusi ambayo zamani yalikuwa majina ya watu.

Leza ya kazi hii hutoa mwanga kwa mapigo mafupi ajabu, yanayopimwa kwa sehemu za bilioni za sekunde, na katika mashine za kisasa zaidi kwa sehemu za trilioni. Ufupi huo ndio unaoilinda ngozi. Chembe ya wino hulipokea pigo, hupata moto ghafla na kupasuka kabla joto halijapata nafasi ya kusambaa pembeni. Vipande vinavyobaki huchukuliwa na seli za ulinzi za mwili, ambazo huvimeza na kuvipeleka polepole kwenye tezi za limfu. Kazi ya mashine, basi, humalizika ndani ya dakika chache, lakini kazi ya mwili wako huendelea kwa wiki na miezi baada ya wewe kurudi nyumbani. Hapo utaona mara moja kwa nini ahadi ya kipindi kila wiki inanitia wasiwasi. Anayekupiga leza kila wiki huipiga ngozi ambayo bado ina kidonda, na wino ambao mwili ulikuwa ungali unauondoa. Acha wiki 8 baina ya kipindi na kipindi, na kwa ngozi nyeusi kama yetu mimi hupendelea hata 10 au 12.

Habari njema ni kwamba wewe huhitaji mkono mtupu. Anayetaka kufuta tatuu nyeusi iliyochorwa na fundi anaweza kuhitaji vipindi 8, 10 au zaidi, na bado kivuli kikabaki. Anayetaka kuififisha tu ili nyingine ikae juu yake, mara nyingi vipindi 2 hadi 4 humtosha. Nakusihi ulishike jambo hili, kwa maana nimewaona watu waliofika kwenye kivuli kizuri cha kijivu baada ya kipindi cha tatu, wakang'ang'ania viwili vya ziada ili kufuta mabaki ambayo mchoraji angeyaficha kwa unyoya mmoja, na ni katika vile viwili ndipo ngozi ilipopoteza rangi yake.

Sasa niseme juu ya ngozi yenyewe, ambayo ndiyo uliyoiulizia kwa hofu, na hofu yako ni ya haki. Melanini, rangi inayotufanya kuwa weusi, hupokea mwanga kama wino unavyoupokea. Mwanga wa mawimbi mafupi huishia kwa sehemu kubwa katika melanini ya ngozi ya juu, ukaiunguza kabla haujaufikia wino. Mwanga wa mawimbi marefu hupita kwa usalama zaidi. Kwa hiyo mashine unayoitafuta ni leza ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanometa 1064, na mtoa huduma anayeijua kazi yake ataitaja namba hiyo bila kusitasita ukimuuliza. Ile mashine ya pili uliyoonyeshwa, kwa maelezo uliyonipa, inaelekea kuwa taa ya mwanga mkali wa mapigo marefu, ambayo mapigo yake hudumu muda mrefu mno kuliko yanavyotakiwa, na joto lake lina muda wa kutosha kuenea na kuichoma nyama iliyo jirani. Haifai kwa tatuu ya mtu yeyote, mweupe au mweusi. Usirudi pale.

Hata kwa mashine sahihi, mabaka meupe au meusi zaidi yanaweza kutokea. Mengi hurudia rangi ya kawaida ya ngozi baada ya miezi kadhaa, lakini machache meupe hayairudii kamwe, na hakuna wino unaoweza kuiga kwa uhakika rangi ya ngozi ya mtu. Dai ufanyiwe jaribio kwanza kwenye sehemu ndogo, pengine kwenye mguu wa herufi moja tu, kwa nguvu ya chini, kisha usubiri wiki 6 uone ngozi yako inavyojibu. Asiyekubali kufanya jaribio hilo hastahili mkono wako. Muulize pia leseni yake ya mwaka huu kutoka baraza la taaluma yake, na uangalie kama wewe na yeye mnavaa miwani ya kukinga macho iliyotengenezwa kwa mawimbi ya leza hiyo, kwa kuwa pigo moja lililopotea linaweza kuharibu jicho daima.

Siku yenyewe utasikia mlio mdogo kama wa mafuta yakiruka kikaangoni, na herufi itageuka nyeupe machoni pako kama iliyopakwa chokaa. Nimeona watu wakilia kwa furaha wakidhani wino umetoka. Ule weupe ni viputo vya gesi vilivyojitokeza ngozini, navyo hutoweka baada ya dakika 20 hivi, na jina huonekana tena kama lilivyokuwa. Usikate tamaa. Malengelenge yakitoka usiyatumbue. Safisha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, paka mafuta ya mgando, funika kwa bendeji. Na kwa kazi yako, dada, ninakuomba jambo ambalo litakugharimu: usiutie mkono huo katika maji ya mto hadi ngozi ifunge kabisa, ambako kwa kawaida huchukua kama wiki 2, na kwa miezi yote ya matibabu vaa shati la mikono mirefu ukiwa botini. Jua la kwetu halina msimu wa kupumzika, nalo huamsha weusi mpya kwenye ngozi iliyotoka kupigwa leza.

Kuhusu lile kopa jekundu, liache lilivyo. Wino mwekundu hupokea mwanga wa kijani, wa nanometa 532, ambao ndio melanini huupenda mno, na kwa ngozi yako hatari yake haina faida inayolingana nayo. Zungumza na mchoraji wako kabla ya pigo la kwanza la leza, si baada ya kipindi cha mwisho, na akuchoree mchoro kamili wa korongo kwenye karatasi inayoonyesha kilicho chini yake, aulaze juu ya jina, muone pamoja kila herufi inaangukia wapi. Ndege huyu amekuja na msaada wake mwenyewe: mwili wake ni wa kijivu, nao unaweza kukaa juu ya herufi zilizofifia, chini ya koo ana ngozi nyekundu inayoning'inia, na huenda kopa lako likaingia humo bila mtu kujua, lakini taji la dhahabu, shavu jeupe na weupe wa mabawa lazima vielekezwe kwenye ngozi isiyo na wino. Hapo mtajua kwamba pengine ni herufi 3 au 4 tu zinazohitaji kufifishwa sana, na nyingine kidogo. Ngozi iliyopigwa kidogo ni ngozi iliyosalimika.

Jambo moja ambalo hukuliuliza. Sindano za tatuu zinaweza kuambukiza homa ya ini aina ya B, na Uganda ilianza kuwachanja watoto wote wachanga dhidi yake mwaka 2002, kwa hiyo wewe hukuipata chanjo hiyo utotoni. Nenda ukapimwe, na ikiwa huna, anza chanjo sasa: dozi 3, ya pili mwezi 1 baada ya ya kwanza, na ya tatu kwenye mwezi wa 6. Muda utakaoutumia kusubiri leza ndio unaotosha kuimaliza, na utakaa mbele ya sindano mpya ukiwa umekingwa.

SWALI: Nikiwa shuleni tulichorana begani kwa sindano ya kushonea na masizi ya taa. Nataka kufifisha herufi hizo mbili nichorwe kitu cha heshima. Nina kovu lililovimba nyuma ya sikio tangu nilipotobolewa. Je, lina uhusiano? Msomaji wa Bombo.

JIBU: Ndugu yangu, lina uhusiano mkubwa kuliko wino wenyewe. Tatuu za masizi huwa na wino mchache kuliko za fundi na kwa kawaida hufifia haraka. Kama ingekuwa ni wino tu ningekuambia vipindi 2 vinaweza kutosha. Lakini kovu linalovimba na kupita mipaka ya jeraha lililolizaa, ambalo madaktari huliita keloidi, ni onyo kwamba ngozi yako hujibu kila jeraha kwa kupita kiasi, na bega ni miongoni mwa sehemu zinazolipenda sana, pamoja na kifua na sikio. Leza ni jeraha. Sindano ya tatuu ni majeraha maelfu. Onana kwanza na daktari wa ngozi katika hospitali ya rufaa, kwa mfano Mulago au Mbarara, kabla hujalipa mahali popote. Ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja, ningekuomba uziache herufi hizo mbili.

SWALI: Natumia krimu za kung'arisha ngozi. Naweza kuendelea nazo wakati wa leza? Msomaji wa Mbale.

JIBU: Hapana. Ziache miezi kadhaa kabla, na umweleze mtoa huduma kwamba ulizitumia, hata kama unaona haya. Ngozi iliyochubuliwa ni nyepesi kujeruhiwa na rangi yake haitabiriki, na baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo hudhuru hata figo.

SWALI: Mimi ni mchoraji hapa Kampala. Wateja hurudi kutoka kwenye leza wakitaka nichore wiki ya tatu. Nitajuaje ngozi imekuwa tayari? Na kuna mmoja ambaye tatuu yake ilizidi kuwa nyeusi baada ya leza, je, aliharibiwa?

JIBU: Wiki ya tatu kataa, hata kama mteja atakwenda kwa mwingine. Kijana mmoja aliletwa kwetu akiwa amechorwa simba juu ya ngozi ya wiki ya tatu. Wino ulikuwa umetawanyika chini ya ngozi kama maji juu ya karatasi ya kufutia, na manyoya ya simba yalikuwa wingu tu. Wiki 8 baada ya kipindi cha mwisho ndicho kiwango cha chini, na mimi ningesubiri miezi 3, kwa sababu katika muda huo wino huendelea kufifia wenyewe na wewe unapata uwanja mwepesi zaidi bila gharama yoyote.

Yule aliyezidi kuwa mweusi, muulize kama tatuu yake iliwahi kurekebishwa kwa wino mweupe au wa rangi ya ngozi. Wino mweupe huwa na titani, na ule wa rangi ya ngozi huwa na oksidi ya chuma. Vyote viwili vinaweza kugeuka kijivu au vyeusi papo hapo vinapopigwa na leza. Mara nyingi weusi huo huweza kupunguzwa kwa vipindi vingine, lakini ilipasa jaribio dogo liugundue mapema. Kama ni wewe uliyemchora, ndiwe unayejua ni wino gani ulioutumia, kwa hiyo mwandikie mteja karatasi yenye rangi zote ulizotia, aende nayo kwa mtu wa leza.

Kuhusu utayari wa ngozi, itazame mchana, karibu na dirisha. Isiwe na wekundu, isiwe na mng'ao wa plastiki, isiwashe, na rangi yake iwe imetulia ikilinganishwa na pembeni. Kisha fumba macho na upitishe kidole polepole juu ya herufi. Kama kidole bado kinaweza kuzisoma, muulize mteja kama zilikuwa zimeinuka hata kabla ya leza. Zilizoinuka tangu zamani ni makovu ya sindano ya kwanza, na leza ya wino haikukusudiwa kuyalaza, kwa hiyo yapangie mistari ya mchoro wako yapotelee ndani yake. Zilizoinuka baada ya leza bado zinapona. Mpe tarehe nyingine mwezi ujao, na umpapase tena.